Bei za nyumba miji ya pembezoni: acheni "wastani", angalieni nyumba zinakaa muda gani sokoni

#1 (mleta uzi)

Wakuu habari zenu. Kila mara mtu akiuliza humu bei za nyumba huku pembezoni mwa jiji zimepanda au zimeshuka anajibiwa kwa namba moja tu, wastani umepanda asilimia kadhaa, basi nusu ya watu wanapaniki wanakimbilia kununua na nusu wanakaa pembeni wanasubiri zishuke. Mi kwa mji mdogo hiyo namba ndo naiangalia mwisho kabisa. Ntaeleza kwa nini, uzi ni mrefu vumilieni.

Mji wa pembezoni mauzo yake kwa mwezi ni machache. Chukulia mwezi huu zimeuzwa nyumba ishirini, kumi na tano ni fleti ndogo na tano ni nyumba kubwa zenye uwanja wake. Mwezi unaofuata zikauzwa ishirini tena ila sasa fleti ni tano na nyumba kubwa ni kumi na tano. Hakuna hata nyumba moja iliyopanda bei hapo, lakini wastani utakuwa umeruka balaa na dalali atakwambia soko limechangamka, wahi. Wengine wanasema basi tumia bei ya katikati, yaani upange nyumba zote kuanzia ya rahisi mpaka ya ghali halafu uchukue iliyokaa katikati. Ni afadhali kidogo, sababu jumba moja la tajiri halikuvurugii hesabu, ila kwenye mfano wangu bado unadanganyika vilevile, maana mwezi wa kwanza ya katikati ni fleti na mwezi wa pili ya katikati ni nyumba kubwa.

Wachumi Karl Case na Robert Shiller kule Marekani miaka ya 1980 waliliona hili wakaamua kufuata nyumba ileile, iliuzwa bei gani mara ya kwanza na ilipouzwa tena ikaenda bei gani. Nyumba inalinganishwa na yenyewe. Mpaka leo fahirisi ya bei za nyumba Marekani inayotajwa sana, yaani namba inayofuatilia bei zinavyopanda na kushuka, inabeba majina yao. Na wewe kwa mji wako unaweza kufanya kitu hichohicho kwa daftari tu, tafuta nyumba zilizowahi kuuzwa zaidi ya mara moja ndani ya miaka michache, ukiona katikati hapo mtu aliezua paa akaongeza vyumba, hiyo itoe kwenye hesabu. Zikipatikana nane au kumi tu umeshamzidi anayetembea na wastani mdomoni.

Sasa cha kuangalia ni nini. Cha kwanza nyumba zinakaa sokoni muda gani kabla ya kupata mteja. Cha pili ni ngapi zimepunguzwa bei baada ya kutangazwa. Cha tatu, na hiki ndo kikubwa, nyumba zilizopo sokoni leo gawanya kwa zinazouzwa kwa mwezi. Zipo sitini na zinauzwa kumi kwa mwezi, hiyo ni miezi sita ya kuzimaliza. Watu wa hii biashara huchukulia miezi mitano mpaka sita hivi ndo mizani imekaa sawa, ikishuka mpaka miwili muuzaji ndo bosi na ikifika kumi mnunuzi unaweza kuongea kwa sauti.

Kwa nini naanza na muda na siyo bei? Kwa sababu bei ya nyumba haipendi kushuka, mwenye nyumba anaigomea. Kuna utafiti wa Genesove na Mayer uliotoka 2001, waliangalia fleti za katikati ya Boston miaka ya 1990, wakakuta mtu ambaye akiuza atapata hasara kulinganisha na alivyonunulia anatangaza bei ya juu kuliko jirani yake na nyumba yake inakaa sokoni muda mrefu zaidi. Sokoni hakuna anayejali wewe ulinunua bei gani, ila muuzaji moyoni anajali sana. Kwa hiyo soko likipoa kwanza simu za wateja zinapungua, nyumba zinaanza kukaa, mauzo yanakauka, af baadaye kabisa ndo bei inaanza kulegea. Anayesubiri aone bei imeshuka kwenye takwimu anapata habari ya miezi mingi iliyopita.

Karibuni kwa michango, matusi hapana.

#2

Nakazia mkuu. Af kuna bei ya kutangaza na bei waliyofungia, ni vitu viwili tofauti kabisa. Matangazo ya mtandaoni yote ni bei ya ndoto. Mtu anakusanya matangazo mia anapiga wastani anasema hiyo ndo bei ya mji, hapo umepata wastani wa matamanio ya wauza nyumba.

#3

Mleta uzi nina swali sio kwa ubaya. Umesema mauzo yakikauka bei inafuata kushuka. Mbona Marekani riba ilipanda, mauzo yakaanguka sana na bei haikuanguka? Hiyo nadharia yako imekufa hapo.

#4 (mleta uzi)

Swali zuri hilo na nilijua litakuja. Kweli, mauzo ya nyumba zilizokwishakaliwa kule yalikuwa kama milioni 6.1 mwaka 2021 yakashuka mpaka kama milioni 4.1 mwaka 2023, na bei ya nchi nzima haikuanguka. Lakini soma tena nilichoandika, sikusema mauzo peke yake, nimesema nyumba zilizopo gawanya kwa zinazouzwa. Angalia kilichotokea, riba ya mkopo wa miaka 30 ilikuwa chini ya asilimia 3 mwanzoni mwa 2021 halafu Oktoba 2023 ikakaribia asilimia 8. Mtu ana mkopo wa riba ya 3 aliyofungiwa miaka 30, akiuza ahame inabidi achukue mwingine wa 7, atahama ana wazimu? Akabaki palepale. Kwa hiyo wanunuzi walipungua na wauzaji wakapungua pamoja nao, nyumba hazikurundikana sokoni, ndo maana bei ikasimama. Mauzo yakianguka huku nyumba zinarundikana, hiyo ni hadithi nyingine kabisa, hapo bei inakuja chini.

Na kwa mtu asiyejua riba inauma kiasi gani, mkopo uleule wa miaka 30 ukitoka asilimia 3 kwenda 7 rejesho la kila mwezi linapanda karibu asilimia 58. Au geuza, kama uwezo wako wa rejesho haujabadilika basi mkopo unaoweza kuubeba umepungua zaidi ya theluthi. Nyumba haijabadilika hata bati moja. Kwa hiyo mtu akikwambia bei za mji fulani zimesimama tu hazijapanda muulize riba ikoje, bei inaweza kusimama na nyumba ikawa imekuwa ghali zaidi kwako. Kwenye nchi ambazo riba ya mkopo inapanda na kushuka hata baada ya kusaini, mwenye nyumba hana cha kujificha nyuma yake, riba ikipanda naye rejesho lake linapanda, wengine wanalazimika kuuza na hapo bei inasikia haraka zaidi.

#5

Mi ngoja niongelee madalali maana mmewagusa kidogo tu. Kuna utafiti wa Levitt na Syverson wa 2008, walichukua mauzo karibu laki moja ya nyumba eneo la Chicago wakalinganisha nyumba za wateja na nyumba ambazo ni mali ya madalali wenyewe. Dalali akiuza ya kwake inakaa sokoni siku tisa na nusu zaidi na anapata karibu asilimia 4 zaidi ya mteja wake. Mnaelewa maana yake? Ya kwake ana subira, ya kwako anakwambia chukua hii ofa soko gumu. Na hesabu iko wazi, komisheni yake kwenye hiyo nyongeza ni vijisenti, bora amalize aende kwa mteja mwingine.

#6

Mimi ni dalali na nimesoma yote 😂 Mkuu #5 hujakosea ila umesahau upande mwingine, wateja wengi wanaouza wana haraka zao, mwingine amepata uhamisho, mwingine wameachana, mwingine marehemu kaacha nyumba na warithi wanataka mgao wao jana. Dalali nyumba yake hana presha hiyo. Na mleta uzi hapo kwenye nyumba kukaa sokoni kuna ujanja hujautaja, nyumba ikikaa sana inatolewa kwenye matangazo wiki mbili tatu halafu inarudishwa kama mpya na picha mpya, hesabu ya siku inaanza sifuri. Kwa hiyo mnaohesabu siku kwa kuangalia matangazo mnachezewa. Kama mji ni mdogo weka picha za matangazo kwenye simu yako, ikirudi utaikumbuka kwa rangi ya geti.

#7 (mleta uzi)

Dah asante dalali wetu, hilo la kutoa na kurudisha ni la muhimu sana, nakubali.

#8

Wakuu mi mambo ya fahirisi yamenipita pembeni, nina mke na watoto wawili, tunataka kutoka katikati ya jiji twende pembezoni. Kuna fleti, kuna zile nyumba za safu zinazoshea ukuta, kuna nyumba inayojitegemea ila ya zamani, na kuna kiwanja tujenge taratibu. Tuchukue ipi? Naombeni majibu ya mtu mzima sio kejeli.

#9

Jenga mkuu. Kiwanja hakiozi.

#10

#9 acha kumdanganya mwenzio, kiwanja hakiozi ila saruji na nondo bei zinapanda wakati wewe unajenga taratibu, na muda wote huo unalipa kodi ya unapoishi pamoja na ujenzi. Ukijenga kwa vipande huna uhakika wa bei ya mwisho hata kidogo. Kujenga kunalipa kwa mwenye hela yote mkononi au mkopo wa ujenzi uliopangiliwa, na mwenye muda wa kusimamia mafundi. Huyu ana watoto wadogo na kazi, atasimamia saa ngapi?

#11 (mleta uzi)

Ndugu wa #8, mi sitakwambia chukua ipi ila nitakwambia ninavyozipima. Watu wengi wanalinganisha bei za kununulia wakati gharama zinazokutesa ni za baada ya kununua.

Fleti unaona ni rahisi kuingia, ila kuna ada ya kila mwezi ya lifti, ulinzi, maji ya tangi, usafi, na hiyo ada hupangi wewe. Kabla ya kununua omba hesabu za jengo za miaka mitatu, uliza kuna akiba ya matengenezo makubwa au kila lifti ikiharibika mnachangishana, na uliza ni wangapi hawalipi. Jengo ambalo robo ya wakazi hawalipi ada wewe unayelipa ndo unawabeba, na siku ya kuuza mnunuzi makini ataliona. Halafu kuna hatari ambayo huna uwezo nayo kabisa. Baada ya moto wa jengo la ghorofa la Grenfell kule London 2017, maelfu ya watu Uingereza walijikuta hawawezi kuuza fleti zao kwa sababu ukuta wa nje wa majengo yao ulikuwa na vifaa vinavyoshika moto au hakukuwa na karatasi za kuthibitisha usalama, na benki zikakataa kuwakopesha wanunuzi. Fleti yako safi, ndani umepiga rangi juzi, ila jengo limekufunga.

Nyumba ya safu mi naipenda kwa familia ya aina yako, nasema wazi nina upendeleo hapo. Kiwanja kidogo, kuta mbili unashea na majirani kwa hiyo bei inakuwa chini kuliko inayojitegemea ya ukubwa huohuo, na bado una mlango wako na kauwanja ka watoto. Shida ni kelele za jirani na paa, kama paa ni moja ndefu uliza kwa maandishi nani anatengeneza likivuja. Inayojitegemea ya zamani ndo yenye uhuru wote na matatizo yote, hapo usinunue bila fundi wako kupanda darini na kuangalia mabomba na nyaya, na fundi awe wako sio aliyeletwa na muuzaji.

Na siku ya kuuza je? Nyumba za aina moja zikiwa nyingi mji huo, ukiuza unashindana na majirani wote wenye kitu kilekile. Ukiona mradi una nyumba mia za ramani moja na ishirini ziko sokoni kwa wakati mmoja, jua bei anaiamua mwenye shida kuliko wote.

#12

Niongezee kwenye nyumba za ramani moja. Levittown kule Long Island New York zilijengwa nyumba zaidi ya 17,000 kuanzia 1947 mpaka 1951, karibu zote zinafanana, ndo mfano unaotajwa sana wa vitongoji vya kujengwa kama kiwandani, na kwa mikataba yao watu weusi walizuiwa kununua, hilo nalo lisisahaulike mtu akianza kuisifia. Leo ukienda nyumba ambayo haijaguswa ni ya kutafuta, watu wameongeza vyumba, wamepandisha ghorofa, wamegeuza sehemu ya gari kuwa sebule. Kwa hiyo hata kulinganisha "ramani moja" kama alivyosema mkuu kuwe na macho, ramani ilikuwa moja zamani.

#13

Jamani mbona hamjagusa kununua nyumba ikiwa bado kwenye makaratasi? Huku ndo tunatangaziwa kila siku, lipa kidogo kidogo utakabidhiwa baada ya miaka miwili, bei nzuri kuliko iliyokwisha.

#14

Dada hiyo bei nzuri ni malipo ya hatari unayoibeba wewe. Unamkopesha mjenzi hela yako bila dhamana. China 2022 wanunuzi wa miradi mingi waligoma kulipa mikopo ya nyumba kwa sababu wajenzi walisimama katikati na nyumba hazikuisha, na wengine walikuwa wanalipa benki na hapohapo wanalipa kodi ya wanapoishi. Ireland baada ya soko kuanguka 2008, serikali ilipohesabu 2010 ilikuta mitaa zaidi ya 2,800 iliyoachwa bila kukamilika, na mingi ilikuwa pembezoni hukohuko mnakokimbilia, kwenye miji ambayo watu walijenga kwa kuamini kila mtu atahamia.

Sisemi usinunue kabisa. Uliza hela inakaa kwenye akaunti ya nani, kama inakaa akaunti maalumu na mjenzi anaichota kwa hatua za ujenzi zilizokaguliwa hapo kuna mazungumzo, kama inaingia moja kwa moja mfukoni kwake mi nakaa pembeni. Na usiangalie ofisi yao yenye kiyoyozi, nenda kaangalie mradi wao wa kabla ya huu na uongee na wanaokaa mle.

#15

Na nyie wote hamjasema kupanga ni chaguo pia, kana kwamba mpangaji ni mgonjwa. Chukua bei ya nyumba gawanya kwa kodi ya mwaka mzima ya nyumba kama hiyo mtaa huohuo. Ikija 12 kununua kunaanza kuwa na maana, ikija 30 mwenye nyumba anakufadhili wewe mpangaji, tulia hapo na hela yako iweke panapozaa. Kuna mwingine analipa rejesho, bima, kodi ya jengo, matengenezo, halafu anamcheka mpangaji eti anatupa hela. Riba unayolipa benki nayo ni kodi tu, unapanga hela badala ya kupanga nyumba.

#16

#15 umeongea vizuri ila mpangaji anafukuzwa. Watoto wanahamishwa shule kwa sababu mwenye nyumba ameamua kumleta mwanae akae. Hiyo hesabu yako ya kugawanya haina sehemu ya kuandika hilo.

#17

Wote mko sahihi hapo. Mi nachotaka kusema ni usafiri. Nyumba ya mbali ni rahisi kwa sababu umbali unaulipa kwa njia nyingine, nauli na mafuta na masaa. Chukua nauli ya watu wote wa nyumba kwa mwezi iweke juu ya rejesho ndo ulinganishe na nyumba ya karibu. Kuna waliohamia mbali 2020 kazi zilipohamia nyumbani, miji mikubwa ya Marekani ilionekana wazi katikati ya jiji inapoa na pembezoni inapanda bei, sasa ofisi nyingi zimeita watu warudi na mtu yuko masaa mawili kwenda masaa mawili kurudi. Kama kazi yako ya nyumbani haiko kwenye mkataba wa ajira usiiweke kwenye hesabu ya nyumba.

#18

Naona watu wanahesabu kama wana uhakika. Zillow, kampuni yenye data za nyumba za Marekani karibu kuliko yeyote, ilianza kununua nyumba yenyewe kwa bei zinazokadiriwa na kompyuta, Novemba 2021 ikatangaza kufunga biashara hiyo kwa sababu kutabiri bei kulishindikana. Nyie na daftari lenu mtaweza?

#19 (mleta uzi)

Sijamwambia mtu atabiri mkuu. Zillow walikuwa wanabashiri bei za miezi ya mbele kwa maelfu ya nyumba wanazotaka kuziuza fasta. Sisi tunataka kujua leo mji huu nguvu iko kwa nani, muuzaji au mnunuzi, ili mtu ajue atoe ofa ya namna gani. Hivyo ni vitu viwili.

#20

Swali la mwisho kwangu, nimeanza kuhesabu kama mlivyoshauri, mwezi huu naona nyumba zinakaa muda mrefu kuliko mwezi uliopita. Ndo soko limepoa nianze kubana bei?

#21 (mleta uzi)

Usilinganishe na mwezi uliopita, linganisha na mwezi kama huu mwaka jana. Nyumba zina misimu yake, familia zenye watoto zinahama shule zikifungwa, mwisho wa mwaka sehemu nyingi kunapoa bila sababu nyingine yoyote. Kama huna za mwaka jana, muombe yule dalali wa #6 akupe orodha ya alizofunga mwaka jana miezi hii na tarehe zilizotangazwa, akikataa nenda kwa wa pili. Ukikuta ni ndefu kuliko mwaka jana na kuna nyumba mbili tatu zimeshapunguzwa bei zaidi ya mara moja, anza na hizo, na ofa ya kwanza usiipeleke kwa mdomo, iandike na weka tarehe ya mwisho ya kujibu.